Ruta Iliyokata Bila Kuuliza

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Pilipili alipita kwenye chumba cha mitambo kumsaidia shangazi yake kupangusa vumbi. Shangazi alikuwa fundi wa mtandao wa shule. Pilipili lilikuwa jina la utani, na lilimkaa sawasawa: mdogo wa umbo, lakini ukimgusa, utakayelia ni wewe.

Asubuhi ile alipangusa kwa nguvu kana kwamba vumbi limemtukana.

"Taratibu, mwanangu," shangazi alisema. "Mashine hazijakukosea."

"Redio kanicheka, shangazi. Mbele ya darasa zima!"

Redio alikuwa msichana wa darasa lao, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Jana walikuwa wakichagua wasomaji wa siku ya wazazi. Pilipili, ambaye hushikwa na kigugumizi akiogopa, alikwama kwenye neno la kwanza. Redio akamwiga: "N-n-n-nani atasubiri mpaka kesho?" Darasa likaangua kicheko. Halafu nafasi ikachukuliwa na nani? Redio huyo huyo.

"Atanitambua," Pilipili alisema. Alikuwa hajalala vizuri kwa kupanga kisasi, na kila alichokipanga alikiona kidogo mno.

Shangazi akaona heri abadilishe mazungumzo. Akamwonyesha ruta, kisanduku chenye taa za kijani.

"Unajua huyu anafanyaje kazi? Picha zikitoka chumba cha kurekodia, yeye hazipeleki ovyo kila mahali. Anawapelekea waliojiunga na kikundi cha matangazo tu. Kila baada ya muda anaita kwenye kila waya: 'Kuna anayetaka matangazo?' Akijibu mmoja tu, 'Mimi nipo,' inatosha, anaendelea kuleta. Wakikaa kimya wote, anaacha."

"Na mtu akiondoka?"

"Anaaga. Ruta akisikia 'natoka', anauliza kwanza: 'Je, kuna mwingine aliyebaki?' Asipojibiwa ndipo anakata."

"Hata ukumbini?"

Pilipili aliuliza kwa upole mno. Shangazi, ambaye alikuwa anamenya ganda la waya kwa meno, hakushtuka.

"Ukumbini nimefanya uvivu. Skrini kubwa na ile kompyuta ya mlangoni zinatumia waya mmoja. Nami nilimwamuru ruta, kwenye waya ule akisikia 'natoka', akate papo hapo bila kuuliza. Kwa hiyo kompyuta ikijitoa, na skrini inakosa picha, mpaka ruta apite tena kuita. Nitarekebisha wiki ijayo."

Siku ya wazazi ilikuwa kesho yake. Pilipili alitoka chumbani akitabasamu, na kitambaa cha vumbi akakisahau mkononi.

Siku ilipofika, wazazi walijaa ukumbini, wengine wakakaa madarasani mbele ya skrini ndogo. Wasomaji walikuwa chumba cha kurekodia. Pilipili alikaa kwenye kompyuta ya mlangoni. Shangazi ndiye aliyemweka hapo, aangalie kama matangazo yanakwenda vizuri. Fisi kukabidhiwa bucha!

Mama yake Pilipili alikuwa safu ya tatu, bado amevaa koti la kiwandani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa kubembeleza sana, ili amwone kitinda mimba wake wa darasa la pili akisoma shairi. Mtoto huyo alikuwa amelisoma shairi hilo nyumbani mpaka kuku wangeweza kulikariri. Kwa mujibu wa ratiba, Redio angesoma kwanza, mdogo wake Pilipili angefunga shughuli. Mama Redio naye alikuwepo, safu ya mbele, amejipamba.

"Leo na wewe utajua uchungu," Pilipili alinong'ona. Moyo ulimdunda kwa raha.

Mwalimu akatokea kwenye skrini. "Na sasa, wazazi wetu, msomaji wetu wa kwanza ni..."

Pilipili hakungoja jina. Alifunga matangazo kwenye kompyuta. Kompyuta ikaaga, ruta akakata, na skrini kubwa ikawa nyeusi tii.

Ukumbi ukaguna. Pilipili akamtazama mama Redio, akangoja amwone akihangaika. Mama Redio alikuwa akijipepea tu. Aliyesimama ni mwanamke wa safu ya tatu.

"Jamani, mwanangu! Mwalimu kaniambia wamemtanguliza kwa sababu narudi kazini. Ndiye anayesoma sasa hivi!"

Pilipili aliganda. Halafu akaivamia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena. Kompyuta ile ilikuwa nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ilizungusha kiduara chake bila haraka yoyote. Kutoka madarasani yalisikika makofi na vigelegele. Huko walikuwa wanamwona.

Kisha ruta akapita kuita, skrini ikajibu, picha ikarudi. Mdogo wake alionekana akiinama kuaga. Nyuma yake akaja Redio, na ukumbi ukamwona Redio mwanzo hadi mwisho, tena anang'aa.

Mkuu wa shule alimwendea shangazi kwa hasira. "Fundi, hii ndiyo kazi tunayokulipa?"

Mlango ukafunguka, mdogo wake Pilipili akaingia mbio. "Mama, umeniona? Niliinua mkono pale kwenye ndege, umeona?"

Mama alimtengeneza kola, akatazama saa. Alikuwa ameshabeba mkoba wake.

Pilipili angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini aliutazama uso wa mdogo wake. Akasimama mbele ya ukumbi mzima, Redio akiwa mlangoni.

"Ni m-m-mimi," alisema. "Shangazi hana k-kosa. Nilikata mimi. Nilitaka kumkomoa Redio."

Safari hii hakuna aliyecheka. Redio aliinamisha kichwa.

"Mama, ngoja kidogo tu," Pilipili aliomba. Akamshika mdogo wake mkono, akampandisha jukwaani. Mtoto akasoma shairi lote bila kipaza sauti, na kwenye ndege akainua mikono yote miwili. Mama alichelewa kazini, akachelewa akicheka huku anafuta machozi.

Baadaye mkuu alimwondoa Pilipili kwenye kompyuta kwa muhula mzima. Redio naye alitakiwa kuomba radhi, akaomba mbele ya darasa lile lile. Pilipili aliipokea, ingawa rohoni kulibaki kichomi kidogo.

Jioni alimkuta shangazi akibadilisha ile amri ya ruta.

"Kosa langu lipo," shangazi alisema. "Nilimfundisha kukata bila kuuliza. Lakini mashine haina moyo, wewe unao. Redio alikuumiza, na ungeweza kumsema kwa mwalimu. Hasira hasara, mwanangu. Ukishikwa na hamu ya kukata, uliza kwanza: kwenye waya huu, kuna nani mwingine?"

Pilipili alichukua kitambaa, akaanza kupangusa, taratibu.

"Kulikuwa na mama," alisema.