Nafasi ya Tano ya Chipukizi

“Umeshabonyeza?”

“Bado.”

“Minza, saa kumi na moja na robo hii! Dirisha la usajili linafungwa saa kumi na mbili!”

“Mtandao unazunguka tu, Machibya. Unataka niingie ndani ya kompyuta nikausukume?”

Machibya akacheka kwenye simu. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kimemmaliza Minza tangu mwaka juzi, na hata siku hii aliyokuwa anamsafirisha mpenzi wake kwenda Dodoma kwa mkono wake mwenyewe, bado kilimfanya atabasamu peke yake ofisini.

“Bonyeza basi, mke wangu. Timu ya Dodoma inanichukua kwa mkopo wa miezi sita tu. Mwezi wa saba narudi Bariadi, wazee wanakuja kwenu na ng'ombe, tunamaliza.”

“Rudia hapo kwenye ng'ombe.”

“Ng'ombe, Minza! Wenye pembe na mikia!”

“Haya, nimesikia. Uko wapi?”

“Niko mbali, Nyashimo kwa mama. Namuaga.”

“Msalimie.”

Minza alikuwa katibu wa usajili wa Nyota ya Ntuzu, timu ya pale pale Bariadi. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na dawa za pamba, na nenosiri la mfumo wa usajili alikuwa nalo yeye peke yake. Hata mwenyekiti, mzee Ngassa, alikuwa halijui, na hakutaka kulijua. Kompyuta aliiogopa.

Kwa msomaji asiyefuatilia mpira, ngoja nieleze haraka. Ligi ya akina Minza inaruhusu timu kuandika majina thelathini tu. Kati ya hayo, ishirini na tano ni ya yeyote, lakini matano lazima yawe ya chipukizi, vijana wasiozidi miaka ishirini na mitatu. Ukitaka kumwingiza mtu, lazima umtoe mtu. Hakuna kuongea na yeyote pembeni, mfumo wenyewe unagoma.

Sasa sikia balaa lilipoanzia. Julai iliyopita, nafasi nne za chipukizi zilikuwa zimejaa, imebaki ya tano, na waliokuwa wanaigombea ni wawili. Mmoja alikuwa Machibya, mshambuliaji, miaka ishirini na miwili kwenye makaratasi, goti limevimba na hajulikani atapona lini. Mwingine alikuwa Maganga, beki wa kushoto, miaka ishirini, mzima kama chuma. Maganga ni mdogo wake Minza, baba mmoja mama mmoja.

Mwalimu wa timu alisema wote kwake sawa. Mzee Ngassa, ambaye humwita kwa Kisukuma “mayu”, yaani mama, akasema, “Mayu, wewe ndiye unayejua makaratasi. Andika mmoja, mimi nasaini.”

Minza akamwandika Machibya.

Ndiyo, mgonjwa! Akamwacha ndugu yake mzima, akamwandika mpenzi wake mwenye goti. Kisha akamwambia Maganga, bila hata kupepesa macho, kwamba mwalimu ndiye aliyemkata. Maganga akakunja jezi zake, akaenda Lamadi kupakia samaki kwenye magari. Ukweli huo aliujua mtu mmoja tu zaidi ya Minza, naye ni Machibya. Minza alimwambia siku ile ile, akidhani anampa zawadi ya upendo.

Na alivyochekwa kwa upendo huo! Yeye alikuwa na miaka ishirini na mitano, kijana ishirini na miwili. Mashoga zake walikuwa wakimwona tu wanapaza sauti, “Serengeti boy wako hajambo?” Minza alivumilia yote.

Mtandao ukarudi. Ukurasa wa uhamisho ukafunguka. Mpango ulikuwa wa kubadilishana: Machibya, ambaye goti lilikuwa limeshapona, aende Dodoma, na Dodoma walete chipukizi wao mmoja anaitwa Marcelo akae nafasi yake. Minza akasoma mstari wa kwanza, akasogea karibu na kioo. Pameandikwa: *Aina ya uhamisho: wa kudumu.*

“Wamekosea hawa,” akajisemea, akampigia katibu mwenzake wa Dodoma.

“Philomena, habari za kazi? Mimi Minza wa Bariadi. Dada, hapa mmeweka uhamisho wa kudumu. Huyu kijana ni wa mkopo.”

“Hatujakosea, dada yangu. Yeye mwenyewe alikataa mkopo. Alisema akishatoka huko harudi, anahama moja kwa moja na familia.”

“Familia ipi?”

“Yeye na mke wake. Leo mchana ametuma cheti cha ndoa ili tumpangie nyumba ya wenye familia badala ya hosteli. Mke anaitwa Precious, kama sikosei.”

“Precious? Yule binamu yake?”

“Binamu?” Philomena akaguna. “Dada, ngoja nikutumie picha. Halafu samahani kukuuliza, wewe ni nani kwake?”

Minza akatazama jina la Machibya kwenye kioo.

“Mimi ni katibu wa usajili.”

Picha ikaingia. Ndoa ya bomani, mwezi wa kumi na moja. Jina la Machibya, jina la Precious, sahihi mbili. Precious wa duka la vipodozi karibu na stendi! Machibya ndiye aliyewatambulisha, akisema ni binamu yake. Kila Minza akipita pale Precious alimtolea kiti na kumwita wifi. “Karibu wifi! Kaka anakusumbua huyo?” Wifi, wifi, mwaka mzima, kumbe wifi mwenyewe ndiye mke.

Macho yakajaa machozi, herufi nyingine zote za cheti zikamchanganyikia, hakusoma tena.

Simu ikaita. Machibya. Akaiacha. Ikaita tena. Akaiacha. Ujumbe ukaingia: “Baby vp mbona hupokei, muda unaenda.” Akamjibu kwa picha ya cheti, bila neno.

Dakika kumi hazikupita bodaboda ikafunga breki nje. Machibya akaingia akihema.

“Nyashimo imesogea siku hizi?” Minza akamuuliza.

“Minza, niache nieleze.”

“Kaa. Eleza. Tuna muda mpaka saa kumi na mbili.”

“Precious ana mimba yangu. Wazazi wake walinibana, ndoa yenyewe ya haraka haraka…”

“Binamu yako ana mimba yako?”

“Si binamu. Unajua si binamu.”

“Nimejua leo! Mwaka mzima ananiita wifi na wewe umekaa pale unacheka na meno yako! Mlikuwa mnanichekaje nikishatoka?”

Kama watu wote waliokosa la kujitetea, Machibya akapandisha sauti.

“Sasa ningefanya nini, Minza? Ningekuambia Julai ungeniandika? Goti lile, nani angeniandika? Mpira ndio maisha yangu!”

Minza akamwangalia. Hapo ndipo ilipomuuma sawasawa. Kumbe si kwamba alipendwa akaachwa. Hakupendwa kabisa. Alitumiwa kama karatasi, akiba ya kumshikia mtu nafasi mpaka goti lipone.

“Kwa hiyo mimi nilikuwa nakutunzia namba.”

“Nilikujali. Lakini tusipoteze muda. Bonyeza.”

“Nisipobonyeza?”

Machibya akasimama. Uso ukabadilika.

“Nampigia Maganga sasa hivi. Namwambia nani alilikata jina lake. Unadhani atakuita dada tena? Na mama yenu je?”

Hapo palikuwa pagumu. Minza alijua akibonyeza, siri inakaa, na Maganga anabaki ndugu yake. Asipobonyeza, Machibya anakosa Dodoma, lakini yeye anampoteza mdogo wake. Halafu akachukua simu yake, akatafuta jina, akaweka sauti ya juu.

“Unampigia nani?” Machibya akauliza.

“Nakupunguzia kazi.”

Simu ikapokelewa. Kelele za soko la samaki la Lamadi zikajaa chumbani.

“Mwadila, dada!”

“Mwadila, Maganga. Unaweza kuongea?”

“Napakia, lakini sema. Mama anaumwa?”

“Mama mzima. Nisikilize vizuri. Julai ile mwalimu hakukukata. Nilikukata mimi. Nafasi ilikuwa moja, nikamwandika Machibya.”

Kelele za soko zikaendelea.

“Wewe, dada?”

“Mimi.”

“Mwalimu nilikutana naye mwezi wa kumi. Alinyoosha mkono, nikakataa kumsalimia. Mtu mzima yule.” Sauti ilikuwa ya chini kabisa. “Na hapa kila siku wananicheka, eti beki wa samaki. Mimi nawajibu, subirini, dada yangu yuko pale ofisini, jina langu haliwezi kupotea.”

“Maganga, mdogo wangu…”

Simu ikakatwa.

Minza akafuta machozi kwa kiganja, akavuta kompyuta, akabonyeza. Jina la Machibya likatoka Nyota ya Ntuzu.

“Nenda,” akamwambia. “Sikubonyeza kwa sababu umenitisha. Nimebonyeza kwa sababu jina lako sitaki kuliona kwenye orodha yangu hata siku moja zaidi.”

Machibya hakuamini bahati yake. Akatoa simu, akaanza kumwandikia Precious. Hakumaliza hata ujumbe. Simu ya Minza ikaita pale mezani, akaipokea kwa sauti ya juu ile ile. Alikuwa Philomena.

“Dada Minza, uhamisho nimeuona, lakini kuna jambo. Wakati nahakiki kwa mara ya mwisho nimeweka makaratasi yake pamoja. Kitambulisho cha mchezaji kinasema ana miaka ishirini na miwili, si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Cheti cha ndoa, mahali pa umri wa bwana harusi, kinasema ishirini na saba. Soma mwenyewe.”

Minza akafungua ile picha tena, akaikuza kwa vidole viwili. Ishirini na saba. Mbele ya msajili wa ndoa Machibya aliogopa kusema uongo, akataja umri wake wa kweli, kisha cheti hicho hicho akakituma kwa timu kwa tamaa ya nyumba.

“Sisi tulimtaka kama chipukizi,” Philomena akaendelea. “Nafasi za wakubwa hatuna. Nimekataa uhamisho, na Marcelo wetu haji tena. Pole, dada.”

Machibya alikuwa amesikia yote.

“Minza, nirudishe. Nirudishe haraka, bado kuna dakika.”

“Nikurudishe wapi? Ishirini na tano zimejaa. Imebaki ya chipukizi. Wewe ni chipukizi?”

“Minza, tafadhali! Nitakaa mpaka Julai bila timu!”

“Miaka miwili nachekwa nimechukua mtoto,” Minza akasema taratibu, “kumbe nilichukua kaka yangu. Mchana kutwa umenihimiza nibonyeze, nimebonyeza. Toka ofisini kwangu.”

Akatoka. Bodaboda haikuwaka mara moja, na hakuna aliyetoka kumsukumia.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kwenye kioo, safu ya chipukizi ilikuwa na majina manne, chini yake mstari mtupu. Minza akautazama mstari ule. Maganga hakuwa na timu. Makaratasi yake ya msimu uliopita yalikuwemo humo humo. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akaweka picha, akaweka namba ya simu. Mfumo ukajibu kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mchezaji, naye aisome kwa katibu ili usajili ukamilike.

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akaandika: “Maganga kuna namba imeingia kwako. Nisomee tu. Machibya ameondoka, nafasi ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo. Nakuomba mdogo wangu.”

Dakika sita zikabaki. Tano. Akatuma tena: “Nitukane baadaye. Sasa nisomee namba.”

Zilipobaki tatu, simu ikatetemeka. Ujumbe wa Maganga.

“Namba imefika. Sikutumii. Mimi si wa kujazia nafasi ya mtu aliyekukimbia.”

Akapiga mara ya mwisho. Simu ilikuwa imezimwa.

Saa kumi na mbili ukurasa ukajifunga wenyewe, jina la Maganga likafutika na mstari ukabaki mtupu. Minza akaegemeza paji la uso mezani akalia kwa sauti, wala hakujali wanunuzi wa mbegu kule mbele. Mzee Ngassa akampata hapo hapo kwenye simu.

“Mayu, tumemaliza salama? Ya tano umemwandika nani?”

“Hakuna mtu, mzee. Nilitaka Maganga.”

“Umemkosa?”

“Nimemkosea.”