Honi Sita

Wakili aliweka kile kidude sakafuni, katikati ya mahakama, akarudi nyuma hatua mbili. Kilikuwa duara, ukubwa wa kisahani cha chai, hakina taa wala waya.

"Hiki ndicho sikiamoyo, Mheshimiwa," alisema. "Kinasikia mapigo ya moyo kupitia sakafu. Tumefukia mia nne kwenye maegesho yetu ya Mwanjelwa, kimoja chini ya kila gari. Hakidanganyiki."

Kidude kikaongea kwa sauti ya kike, ya upole: "Mioyo kumi na mitano."

Lusajo, karani wa mahakama, akainuka kuhesabu watu kwa kidole. Akahesabu tena. "Mbona tuko kumi na wanne?"

Watu wakaanza kumcheka wakili. Halafu dada mmoja wa benchi la nyuma akavuta kitenge akafunika tumbo, akainamisha uso. Kicheko kikapasuka upya.

"Hongera mwanangu!" mama mmoja akapaza sauti. "Mumeo hajajua, kidude kimejua!"

Hata Hakimu Tumwitike alitabasamu. Sekela peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa upande wa mdaiwa, amekumbatia boksi refu, na kila kicheko aliona gari lake linazidi kwenda. Gari hilo ndilo lililobeba viazi kutoka Uyole, na viazi hivyo ndivyo vilivyolisha watoto wake watatu. Lilikuwa limefungwa mnyororo mwezi mzima. Akishindwa, Ijumaa linauzwa.

Mbeya ya mwaka 2091 ilikuwa na magari mengi kuliko nafasi. Ndipo Kampuni ya Kituo Tulivu ikaja na sharti lake: gari lenye mtu ndani linasubiri tu, halilipi. Gari tupu limeegeshwa, linalipa, na kila dakika bei inapanda. Watu wakajiongeza. Kila aliyekwenda mjini alibeba mzee wake wa kukaa garini. Ukipita kwenye maegesho yao asubuhi ungekuta mabibi safu nzima, wanafuma, wanasengenya, wanapeana ugoro madirishani.

Sekela alimbeba baba yake, mzee Ambilikile, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Siku moja, kabla ya kesi hii, walifuata mguu wake mpya wa umeme, ghorofa ya tisa juu ya maegesho. Vipimo vilishachukuliwa, ilikuwa kuupokea tu.

"Nenda mwanangu," mzee alimwambia akicheka. "Leo mimi ndiye tiketi yako."

Sekela akamwashia hita, akamfunika blanketi, akapanda. Foleni ikamla saa tatu nzima. Aliposhuka saa sita na boksi begani, alimkuta baba amelala. Kumbe hakuwa amelala. Lakini mkono wake ulikuwa bado wa moto, na hilo ndilo Sekela alilowaambia ndugu zake msibani, na ndilo alilojiambia mwenyewe kila usiku: alilala tu, nimemkosa kidogo tu.

Baada ya arobaini ikaja barua ya kampuni. Gari lilikuwa tupu kuanzia saa tatu na dakika arobaini na moja hadi saa sita. Na chini kabisa, faini nyingine: kupiga honi eneo la kimya, mara sita.

"Mdaiwa unasemaje?" Hakimu aliuliza.

Sekela alifungua boksi, akatoa mguu, akausimamisha juu ya meza. Kifundo kikajikunja chenyewe, kama kinamtafuta mwenyewe.

"Mheshimiwa, mguu wenyewe huu hapa. Mimi nilikuwa nao juu. Baba yangu angetokaje garini? Angeruka kama chura? Na hizo honi wamenibandika tu. Baba hakuwa mtu wa kupiga honi, aliona ni kukosa adabu."

"Mama, mashine haina ugomvi na wewe," wakili alisema taratibu. "Ikisema gari tupu, ni tupu."

"Tupu? Baba yangu ni tupu?"

Alimtazama Lusajo, maana asubuhi pale mlangoni ni yeye aliyempa moyo. "Usiogope dada," alimwambia. "Ukishinda, dai linafutwa lote. Karatasi, picha, sauti, hakibaki kitu. Kinachobaki ni faini iliyolipwa tu, hiyo inatunzwa milele." Sekela alikuwa ameshikilia neno hilo, kufutwa, kama mtu aliyeshika kamba.

Hakimu alivua miwani. "Wakili, achana na hesabu. Nataka sauti yenyewe. Chini ya gari lake, asubuhi ile."

Wakili alisitasita, kisha akabonyeza kioo chake cha mkononi.

Mahakama ikajaa moyo wa mzee Ambilikile. Ulipiga taratibu, bila haraka. Rekodi ilipofika saa tatu na nusu ukaanza kukimbia. Ukajikwaa. Ukakimbia tena.

Halafu honi. Fupi, ya aibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kimya kidogo. Ya pili. Ya tatu na ya nne zikafuatana. Ya tano ikakatika katikati. Ya sita ilikuwa ndefu, ndefu sana, mpaka yule mama wa hongera akaziba masikio.

Mapigo yakaachana. Yakazidi kuachana. Kisha ile sauti ya upole: "Gari tupu. Hesabu imeanza."

"Ilisikia mtu anakufa," Hakimu alisema, "ikaanza kutoza?"

"Mheshimiwa..." Wakili alitazama viatu vyake. "Kuita msaada ni huduma ya kulipia. Mteja hakuichagua."

Sekela alikuwa anafikiria hita. Zaidi ya saa mbili, ni hita iliyokuwa inaupasha moto ule mkono.

"Hakulala," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Hakimu hakuchukua hata dakika. "Aliyekufa garini hajaondoka garini. Dai lote limetupwa. Mnyororo ufunguliwe leo. Karani, futa."

Lusajo akanyoosha kidole kwenye kioo chake.

"Subiri kaka!" Sekela alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Na honi zinafutwa?"

"Zote dada. Umeshinda."

"Za honi sijashinda. Zilipigwa kwenye gari langu, si ndiyo? Basi nadaiwa. Nitalipa."

"Mama, hulazimiki," Hakimu alisema.

"Najua, Mheshimiwa. Naomba nilipe."

Hakimu alimtazama, kisha akamtikisia karani kichwa kukubali. Lusajo akafungua fomu ya faini.

"Jina la aliyepiga honi?"

"Ambilikile Mwasomola."

"Sababu ya kupiga?" Alisoma kama ilivyoandikwa, akajuta hapo hapo.

Sekela aliuinua mguu mezani, akaurudisha ndani ya boksi polepole, akafunga kifuniko.

"Andika alikuwa anamwita mwanawe."