Safiya Ataja Mshahara Wake

Safiya alifika ofisini Garsen kila asubuhi na tope miguuni. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamekwisha, lakini kijijini kwao Ozi yalikuwa yamezoa mpunga wote. Mama yake na mdogo wake Arafa walikula kwa mshahara wake.

Alifanya kazi katika shirika la misaada. Aliandika programu ya kompyuta ya kupanga majina ya waliopewa chakula. Orodha iliyochukua wiki sasa ilitoka kwa saa moja. Hata hivyo, barua yake ya kazi ilisema "karani", na mshahara ulikuwa wa karani.

Kosa lilianza siku ya kuajiriwa. Kwao msichana hajisemei. Mkubwa humsemea, kama kwenye posa. Basi alikwenda na mjomba wake, Dhadho.

"Mpeni mtakachojaliwa," mjomba alimwambia meneja, Bwana Thoya. "Sisi tunashukuru."

Bwana Thoya naye hakujivunga. Akaandika mshahara mdogo.

Mwaka wake wa kwanza kazini ulipokaribia kwisha, Safiya aliomba kazi Mombasa. Alijibiwa kwamba wanataka mwandishi wa programu, si karani. Aliketi kizingitini akalia. Jirani yake Mbeyu, aliyewahi kuajiri watu kiwandani, akamwona.

"Barua yako inasema karani," Mbeyu alisema. "Wao watajuaje kazi unayofanya? Mkataba unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi. Lakini mjomba alishakubali."

"Alikubali asichokijua. Usitie sahihi mwingine kabla hujasema. Andika kazi zako zote. Uliza waandishi wa programu wa Mombasa wanalipwa pesa ngapi. Kisha taja kiasi chako, unyamaze. Mkielewana, yaandikwe yote, na jina la kazi pia."

"Nitaonekana sina adabu, dada Mbeyu."

"Sema kwa heshima tu. Na mjomba mwambie mapema, asisikie kwa watu."

Mjomba alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliyekupunja," alisema. Safiya alimhurumia, na bado alikuwa na hasira.

Mwisho wa mwezi alimpa Bwana Thoya karatasi ya kazi zake. "Naomba shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi," alisema, akanyamaza.

"Mjomba wako aliridhika," alisema meneja.

"Aliridhika na ukarani, Bwana. Kazi ninayofanya ni hiyo iliyo kwenye karatasi uliyoshika."

Bwana Thoya alisoma, akasoma tena. "Kumi na mbili. Zaidi sina."

"Sawa. Na iandikwe kwamba mimi ni mwandishi wa programu."

Iliandikwa, kuanzia siku ile. Mwaka uliopita ulibaki wa karani, na ile nafasi ya Mombasa ilishapata mtu. Jambo hilo lilimuuma Safiya kwa muda mrefu.

Mwaka uliofuata Arafa aliitwa kwenye mahojiano ya kazi Malindi. Mjomba Dhadho alimsindikiza hadi mlango wa ofisi, akasimama.

"Ingia ukaseme mwenyewe," alimwambia. "Mimi nitakungoja hapa nje."