Mfu wa Ngome ya Ratankot

Katika zama zile ambapo masultani wa Dekani, huko Bara Hindi, walinunua vijana wa pwani yetu wakawafanya askari, ngome ya Ratankot ilizingirwa miezi minane. Ndani yake alikuwamo mlinzi wa wafungwa, Yakuti. Nasema Yakuti kwa kuwa ndilo jina lililodumu. Mama yake, Mgiriama, alimwita Kalama. Mfanyabiashara aliyemnunua kwa majora mawili ya kaniki akamwita Feruzi. Huko ng'ambo wakampachika hilo la tatu, wakamwita na Mhabeshi juu yake, japo Uhabeshi hakupata kuuona hata ndotoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye kovu la upanga shavuni na haja moja tu duniani: hati ya uhuru.

Liwali wa ngome, Daulat Khan, alimwahidi hati hiyo iwapo atamlinda vyema mfungwa mmoja, kisha atende atakaloamriwa juu yake.

Mfungwa huyo aliitwa Keshavgiri, mzee wa Kibanyani miongoni mwa wale wanaouacha ulimwengu. Alikamatwa akipita chini ya ngome, mwili umepakwa majivu, mkononi bakuli la kifuu. Wapelelezi wakagundua kwamba Jemadari Vithal, aliyeizingira ngome, ni mwanawe wa kumzaa. Liwali akafurahi kama aliyeokota lulu.

"Tutamning'iniza ukutani," alisema. "Mwana gani atampiga babaye mizinga?"

Yakuti alimlinda siku arobaini, na kila asubuhi mzee alimwuliza swali lile lile.

"Wewe ni nani?"

"Yakuti, askari wa sultani."

"Jina ulipewa, na uaskari ulipewa. Si hicho."

"Mtumwa, basi."

"Hilo nalo ulivishwa. Wewe uliyevishwa, ni nani?"

Yakuti alikasirika. Mtu aliyeuzwa mara tatu hapendi kufanyiwa mchezo. Lakini kadiri alivyokasirika ndivyo alivyorudi mapema kesho yake, naye mzee akamweleza kwa upole: ndani ya kila mtu yupo mwenye kuona, asiye na jina wala bei, na aliyemo ndani ya mtumwa ndiye aliyemo ndani ya liwali. Mtu humjua kwa kuvua kisicho yeye, kimoja kimoja, mpaka abaki yeye.

"Nami nilivua," alisema mzee. "Siku niliyouacha ulimwengu nilijifanyia matanga yangu mwenyewe. Nilitoa kwa mkono huu matonge ya wali tuwapayo wafu. Mwanangu alikuwapo, akalia. Tangu siku hiyo, kwa sheria yetu, mimi ni maiti. Sina mke wala mwana. Hata mwili huu ukianguka hauchomwi, maana umekwisha kuchomwa. Huzikwa umekaa, ukajazwa chumvi."

Yakuti alielewa. Alikwenda kwa liwali saa ile ile.

"Bwana wangu, mateka huyu hatufai. Kwao yeye ni mfu. Mwanawe hawezi kutishwa kwa maiti."

Liwali akacheka. "Damu nzito kuliko maji, Yakuti. Kalete kamba."

Basi siku ya arobaini, jua likiwa kali, walimteremsha mzee nje ya ukuta, kamba imempita kwapani. Yakuti alisimama juu na upanga uliopinda. Mpiga mbiu akaita. Jemadari Vithal akaja juu ya farasi, kavaa deraya na kilemba cheupe, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Baba yangu alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita," alijibu. "Nilimlilia, nikamaliza. Huyo simjui. Ila mkimwua, msimchome."

Sauti ilimkatika penye neno la mwisho, na pande zote mbili walisikia. Kisha akageuza farasi.

Liwali akawa mwekundu. "Kata!"

Yakuti aliinama ukutani, akanong'ona, "Baba, umeniambia mwenye kuona hafi. Basi nikikata, nitakuwa sijaua mtu?"

"Maneno hayo wauaji huyapenda sana," alijibu mzee akining'inia. "Mimi sitapungukiwa na kitu. Lakini tazama mkono wako, wala usinisingizie mimi."

"Hati hii hapa, na muhuri wake!" liwali alipaza sauti. "Kata uwe huru!"

Karatasi ilikuwa hatua tatu tu. Yakuti aliitamani mno.

"Sikati, bwana."

"Wewe ni nani hata ukatae?"

"Bado sijajua. Lakini mwenye kukata kamba hii si mimi."

Liwali akaikata mwenyewe. Mzee akaanguka hadi chini ya ukuta. Hati ilitiwa moto pale pale, na kabla ya alasiri Yakuti alikatwa mkono wa kulia, kigutu kikachovywa katika mafuta yaliyochemka, akatupwa shimoni.

Siku tisa baadaye ukuta ulibomoka. Washindi waliwachinja walinzi wote, liwali akiwa wa kwanza, na Yakuti akaokoka kwa kuwa alikutwa amefungwa minyororo. Jemadari aliposikia habari yake alimchukua mpaka chini ya ukuta, mahali ambapo muda wote ule bunduki hazikumruhusu mtu kusogea. Tai walikuwa wametangulia. Yakuti alikusanya kilichobaki kwa mkono wa kushoto, akakikalisha katika kaburi lililochimbwa hapo, akamimina chumvi. Vithal alisimama kando, hakugusa kitu.

"Wewe una machozi?" aliuliza.

"Ninayo, bwana."

"Mimi yangu niliyamaliza katika matanga yake, na sheria hainipi mengine. Mlilie wewe."

Waandishi wa washindi waliandika hesabu ya mizinga na farasi, na vilio hawakuviandika. Yakuti alipiga magoti, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyefiwa na mzazi. Jemadari alimsikiliza mpaka mwisho, uso kaufunika kwa ncha ya kilemba.