Kitongoji Kisicho na Mgonjwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, asubuhi, Vumilia akiwa bado na ufagio mkononi. Mwenyekiti wa kitongoji cha Ibambala, jirani na Didia, aliingia uani kwao na pikipiki yake.

"Mwangaluka, Baba Sostenes!"

"Mwangaluka," Mzee Mageni aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma. Baba huyo wa Vumilia, mgane, alikuwa akiwakorogea watoto wake uji.

"Mchana nesi wa mjini anakuja kuuliza habari za wagonjwa wa akili. Huyo kijana wako asionekane. Kitongoji changu hakina vichaa."

Akaondoka kabla uji haujachemka. Viongozi ndivyo walivyo. Barabara mbovu si yao, kisima kikavu si chao, lakini ikija habari ya aibu, kitongoji ni "changu".

Sostenes, kaka yake Vumilia, aliugua akiwa machimboni Geita. Alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Dawa zilimtuliza, akarudi nyumbani, akalima mpunga vizuri tu. Lakini sasa vidonge vilikuwa vinakaribia kwisha, na zahanati yao haikuwa navyo.

"Sauti bado zinakuja?" Vumilia alimwuliza walipokuwa wakinywa uji.

"Kidogo. Kule Geita zilinitukana. Hapa nyumbani zinaniuliza kama nimefunga ndama."

"Umemfunga?"

"Nimemfunga! Haziniamini."

Wakacheka, na Mzee Mageni naye akacheka, ingawa hakutaka.

Mchana watu walikusanyika nje ya zahanati. Vumilia alitoka shuleni akaenda kukaa karibu na baba yake. Sostenes alibaki nyumbani.

"Kuna ugonjwa unaitwa skizofrenia," alisema Nesi Bernadina. "Mgonjwa anaweza kusikia sauti, au kuamini mambo yasiyokuwepo. Si laana, na dawa zipo. Zitaletwa hapa kama kuna wanaozihitaji. Je, wapo?"

"Hayupo hata mmoja," mwenyekiti aliharakisha kujibu. "Hayo ni maradhi ya Kahama na machimboni. Sisi ni wakulima."

Watu wakainamisha vichwa. Vumilia akakumbuka kichupa cha kaka yake, kilichobaki na vidonge vichache tu. Akasimama.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka yangu Sostenes anaumwa ugonjwa huo. Dawa zinamsaidia, ila zinakwisha."

"Kaa chini, mtoto wewe!" mwenyekiti alifoka.

"Akae anayedanganya," alisema Mzee Mageni, naye akisimama. "Mwanangu si aibu ya mtu."

Bibi Mbuke, muuza karanga, akajikongoja akainuka. "Basi na mimi wa kwangu yupo. Ni mdogo wangu."

"Na shemeji yangu," alisema fundi baiskeli.

Mwenyekiti akashika kichwa. "Jamani! Asubuhi hatukuwa na mgonjwa hata mmoja! Ugonjwa umeingia saa ngapi?"

"Uliletwa na pikipiki yako!" Bibi Mbuke alimjibu, na watu wote wakaangua kicheko.

"Haukuingia leo," alisema nesi, naye akicheka. "Leo umetajwa."

Wiki iliyofuata dawa zilifika. Sostenes alikwenda kuchukua zake mwenyewe, mchana kweupe, akiwa na baba yake na Vumilia.

"Nesi, kwani ni kweli mjini kuna wagonjwa wengi kuliko huku?" Vumilia aliuliza.

"Ugonjwa huu uko duniani kote, lakini haulingani kila mahali. Katika baadhi ya nchi, waliokulia mijini na waliohamia ugenini wanaonekana kuugua zaidi. Kwingine si hivyo. Wataalamu bado wanatafuta sababu. Lakini kumbuka hili, mwanangu: mgonjwa anayefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa haletewi dawa. Ukweli wako umewatibu wengi."

Wakashika njia ya nyumbani. Mbele kidogo Sostenes alisimama ghafla.

"Nimemfunga ndama," alisema.

"Tunajua!" walijibu wote wawili.

Akacheka, kisha akatazama kichupa kipya mkononi mwake.

"Sasa, Vumi, ni machimbo yaliyoniumiza, au ningeugua hata kama ningebaki hapa na ndama wangu?"