Vikonyo Kumi na Viwili

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, mkaguzi wa ubora wa kiwanda cha nyanya, ambaye wenzake humwita Mama Pua, alifungua chumba cha majaribio akapigwa na butwaa. Nyanya arobaini zilizotimiza siku kumi na nne zilikuwa ngumu na zinang'aa. Zilipakwa utando wa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ili zisioze upesi. Jambo la kupigiwa vigelegele! Ila kumi na mbili zilikuwa na vikonyo vya kijani. Utando hupakwa kwenye ganda tu; kikonyo cha wiki mbili hakina budi kukauka.

"Kuna mtu anatuchezea shere," alisema, moyo ukimwenda mbio kwa raha ya kunusa windo. Saa nne mwenye kiwanda angetia saini nyanya za ghala zima zipakwe utando huo, na nyanya ziingie midomoni mwa watu.

Ufunguo wa chumba hicho walikuwa nao wawili wengine: mtunza ghala na mtaalamu wa utando. Dereva wa kiwanda akaongeza lake: "Mtunza ghala namwona kila asubuhi na mfuko wa nyanya. Sisemi kitu, lakini macho hayana pazia."

Saa mbili na nusu Mama Pua alimbana mtunza ghala.

"Shoga, unaiba?"

"Mimi niibe nyanya? Za shambani kwangu zinaniozea!" mtunza ghala alifoka. "Mtaalamu ndiye anayeniagiza, tangu Alhamisi. Anataka zilizochumwa siku hiyohiyo, eti za kulinganishia."

"Anazilinganisha wapi?"

"Muulize mwenyewe. Ananipokea mlangoni, ndani siingii."

Alhamisi ilikuwa siku ya kumi. Mama Pua nusura acheze.

Saa nne kasorobo, mbele ya mwenye kiwanda, aliweka nyanya moja mezani.

"Mtaalamu, kikonyo hiki kina siku ngapi?"

Kijana wa watu akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Zilioza kumi na mbili tu," alisema. "Zote zilivuka siku tisa! Lakini niliahidi kumi na nne, mama. Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Zilizooza ziko wapi?"

"Nilizitupa."

"Ulizitupa!" Mama Pua alipandwa na hasira. "Hizo ndizo zingetuambia kama ganda likilainika chembe zinapenya ndani. Anayekula atajuaje?"

Mwenye kiwanda akafunika kalamu yake.

"Nyanya zetu za kawaida hukaa siku nne," alisema taratibu. "Ungeniambia tisa, mwanangu, ningekujengea maabara."

Mtaalamu akaketi juu ya kreti tupu.