Vigelegele vya Mkaorio

Uvumi ule Nsia aliuokota sokoni, akarudi nao nyumbani kama mwiba wa mguuni: hauonekani, lakini kila ukikanyaga unachoma. Ulisemwa hivi: mashujaa wa Uleri mwaka huu hawatafuti ng'ombe wala ndizi. Wanasubiri mtoto azaliwe Nkarani, kwao Nsia.

"Mtoto gani huyo?" aliuliza.

Aliyemwambia alikuwa muuza magadi, mwanamke wa huko huko Uleri. Msishangae. Siku zile wanaume wa nchi mbili waliweza kuwa wanachinjana, na wake zao wakauziana sokoni bila kuguswa hata ukucha. Soko lilikuwa la wanawake, na mkuki haukuingia.

"Mie nauza magadi, dada, siuzi maneno," muuza magadi akajibu, akipima kibaba chake. "Ila kama una mja mzito nyumbani, mzibe mdomo bibi wa mtoto."

Mwaka wenyewe ndio huu tunaouita sasa 1815. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kila bonde lilikuwa na mtawala wake, aitwaye mangi, na kila mangi alikuwa na jirani wa kumwogopa. Wanawake walivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa kwa samli, na shanga shingoni. Wanaume walibeba ngao za ngozi ya nyati na mikuki mirefu. Nkarani ilikuwa nchi ndogo, lakini ilikuwa na kitu ambacho wakubwa hawakuwa nacho: handaki. Babu zao walilichimba chini ya migomba, likaenda mbali ardhini, ng'ombe na watoto wakaenea. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Ukiingia lazima uinamishe kichwa kwanza, na kama wewe ni adui, shoka linakungoja ndani. Waleri walikuja mara nyingi, wakakanyaga juu yake, wakarudi kwao mikono mitupu. Mlango hawakuuona.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mtoto wa Nkarani akizaliwa, kabla kitovu hakijakatwa, mama mzaa baba hutoka mlangoni, jua likimwona, akampigia vigelegele kwa kinywa chake mwenyewe, wa kiume kwa idadi yake, wa kike kwa yake. Mtoto asiyepigiwa ameingia duniani kama mwizi. Hana ukoo, hana shamba, hapewi jina. Waleri nao walikuwa na desturi hiyo hiyo, basi walijua. Wawatishe watu waingie handakini, wasubiri vigelegele tu, na mlango utajitaja.

Lakini nani aliwaambia kwamba kuna mja mzito? Mdomo huponza kichwa. Mkunde, binti yake Nsia, alikuwa ameolewa na Kirita, kiongozi wa vijana wa vita. Mavyaa yake, yaani mama yake Kirita, ndiye Mkaorio, mjane mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta. Mkaorio alisimama sokoni, mkungu wa ndizi kichwani, akawatangazia waliokuwepo na wasiokuwepo: "Mwezi huu napata mjukuu! Mtanisikia hadi Uleri!"

Wakamsikia kweli. Na Nsia alipomletea onyo la muuza magadi, Mkaorio alilipuuza, kwa kuwa lilitoka kwa Mleri.

Waleri walikuja asubuhi, wakati Kirita na vijana wake hawapo. Walikuwa wamekwenda Ugweno kununua mikuki ya chuma. Moshi wa kambi ya vijana hao ulikuwa umeonekana jana yake ng'ambo ya korongo, kwa hiyo walikuwa njiani kurudi. Lakini njiani si nyumbani. Baragumu likalia, wanawake wakaswaga ng'ombe na watoto, wote wakazama ardhini. Mkunde aliingia ameshikwa kwapani, uchungu umeshamwanza.

Kule juu Waleri hawakuchoma hata banda moja. Walikaa tu chini ya migomba, mikuki magotini, wakisikiliza. Mkubwa wao, Kisaka, aliita kwa dhihaka: "Enyi fuko wa Nkarani! Tumekuja kusalimia mtoto! Au mwaka huu mnazaa mabubu?"

Wenzake wakacheka. Sauti zao zilishuka kwenye tundu la hewa kama maji machafu.

Adhuhuri mtoto akazaliwa. Wa kike. Alilia, lakini kilio chake kilimezwa na kina cha udongo. Mkunga akamlaza kifuani kwa mama yake, kitovu bado hakijakatwa, wote wakamgeukia Mkaorio.

Mkaorio alikuwa ameshajifunga ngozi yake vizuri. Akaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Nsia akamshika mguu.

"Niache, mkwe."

"Ukipiga hapo, tumekwisha wote."

"Nisipopiga, mjukuu wangu ni mwizi! Unataka akue anaitwa mwizi?"

"Ni wangu pia! Unadhani tumbo lile Mkunde alilitoa wapi, sokoni?"

Hata Mkunde, pale alipolala, alicheka kidogo, kisha akalia. "Mama," akasema, "mavyaa, msigombane juu ya kichwa changu. Fanyeni kitu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nsia aliachia mguu, akasema polepole: "Atapigiwa. Desturi inasema utoke mlangoni, jua likuone; haisemi mlango upi wala usimame wapi. Handaki lina milango mingapi?"

Mkaorio akageuka, akatazama giza la nyuma. Kulikuwa na mlango wa pili, lile tundu la kutokea kando ya korongo, ambalo ng'ombe hapiti wala mzazi hapiti, ila mtu mwembamba akipita kwa ubavu. Na juu ya korongo lililala gogo la mkuyu, daraja la pekee.

"Toka pale," Nsia akasema, "vuka gogo, panda kile kilima cha ng'ambo, upige. Watakukimbilia. Wakishavuka wote, sisi tutalitupa gogo. Watabaki ng'ambo ya pili, na njia ya Kirita inapita huko huko."

"Na kama Kirita yuko mbali?"

Nsia akamkung'uta udongo mabegani. Mkaorio akamtazama mtoto, akampaka mate kidogo kwenye paji, akatabasamu. "Haya. Mdomo huu ndio uliowaita, mdomo huu utawaondoa. Lakini mkwe, sikia: kitovu kisikatwe mpaka nisikike."

Akatoka. Wanawake wembamba wakamfuata, wakajificha kwenye majani karibu na gogo, kila mmoja na mti wake wa kuchimbia.

Jamani, vigelegele vile! Havikuwa vya mwanamke mwenye hofu. Vilipaa, vikagonga ukuta wa korongo, vikarudi, vikapaa tena, vya mtoto wa kike kama inavyotakiwa, bila kupunguza hata kimoja. Waleri wakaruka wakapiga mbio. Kisaka alivuka gogo wa kwanza, na watu wake wote nyuma yake, wakihimizana, "Ni huko juu! Mlango uko huko juu!"

Mtu wa mwisho alipoweka mguu ng'ambo, Nsia akasimama. "Sasa!" Wakatia miti chini ya gogo, wakatia na mabega. Gogo likagoma, likatikisika, likaenda chini likivunja matawi.

Chini ya ardhi Mkunde aliinua kichwa. "Ni mavyaa," akasema. Mkunga akakata kitovu.

Kirita naye alisikia. Alikuwa anapanda mteremko na mzigo wa mikuki mipya, akaitambua sauti ya mama yake, akajua amezaliwa binti. Vijana wake wakaitikia kwa wimbo, wakapanda mbio. Waleri walijikuta korongo nyuma yao na chuma kipya mbele yao. Vita havikuchukua muda. Lakini Mkaorio alikutwa amekaa kileleni, mgongo kwenye jiwe, mkuki wa Kisaka kifuani, na mdomo wazi.

Kisaka, akiwa amezingirwa, alikata jani la mmea wa masale, akalinyoosha kwa mikono miwili. Jani hilo likitolewa, kisasi hukoma; ndivyo ilivyokuwa kwa babu zao wote. Vijana wakamtazama Kirita. Akauchomeka mkuki wake ardhini.

"Mama yangu amekufa kwa kushika desturi," akasema. "Mimi nitaivunja kwa lipi?"

Akalipokea jani. Waleri waliacha ngao zao pale, wakateremka kwa miguu yao, na Kisaka hakurudi tena.

Mwaka ule ule, nasikia, mlima ulipasuka huko visiwa vya mashariki ya mbali, na Ulaya mfalme mmoja mkubwa alishindwa vitani akapelekwa kisiwani. Hayo yameandikwa vitabuni. Kwamba Nkarani alizaliwa mtoto aliyeitwa Mkaorio, na akafa Mkaorio aliyempa jina, hilo halikuandikwa. Basi nimeliandika, kwa ajili ya wanangu na wa wenzangu.

Epukeni haya:

Kutaja siku za mja mzito mbele ya watu.

Kujisifu sokoni, hasa kwa mtu anayecheka nawe.

Kudharau onyo kwa kuwa limetoka kwa adui.

Kulaumiana wakati kazi bado haijafanywa.

Kulikataa jani la masale.

Kukata kitovu kabla bibi hajasikika.